Kufuli Tatu za Kisanduku: Sengu ya Wamatengo na Kisa cha Litowa

Leo tuweke kando mapishi na mambo ya harusi, tuzungumze historia kidogo. Kaeni na chai yenu, maana maneno ni mengi.

Naanza na jambo la nyumbani. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na wanawake 25. Kisanduku chetu kina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu. Hakifunguliwi ila siku ya kikao, mbele ya wote. Usiku mmoja mwenzetu akafiwa na mume. Mwenyekiti wetu, mwanamke mwema asiye na doa, alfajiri akazikusanya funguo. Mmoja alimpa mwenyewe, mwengine hakuwepo, ufunguo ukatolewa na mtoto. Akafungua, akatoa pesa za mfuko wa maafa, tena zaidi ya kiwango tulichokubaliana, kwa kuwa alimwonea huruma mjane. Akazipeleka msibani. Hapakupotea hata shilingi moja.

Kikao kilichofuata kiliwaka moto. Mimi nilisimama upande wa mwenyekiti. Nikasema, jamani, mtu atazuiwaje kufanya wema? Yule bibi ambaye ufunguo wake ulichukuliwa kwa mtoto akajibu taratibu: "Mwanangu, mimi sikusema amefanya vibaya. Nasema hakuniuliza." Nikaona ni ukaidi wa kizee. Kabla ya Ramadhani kikundi kilikuwa kimevunjika mapande mawili.

Lile neno lake lilinikaa. Kama pesa hazikuibiwa, na aliyepewa alistahiki, kosa liko wapi? Jibu sikulipata kwenye kikao. Nilikuja kulipata baadaye katika historia ya mbali na visiwa vyetu, kule Ruvuma, milimani Mbinga na nchi inayoteremka hadi Ziwa Nyasa.

Nchi ya mbali isiyo mbali

Ukitoka Songea kuelekea magharibi, unapanda milima ya Wamatengo mpaka Mbinga mjini, mibuni huku na huku. Kisha njia inateremka mpaka Mbamba Bay, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Ukifuata ufukwe kwenda kaskazini utafika Liuli, na mbele zaidi Lituhi. Ng'ambo ya maji ni Malawi, na kusini ni Msumbiji. Ufukwe huo leo ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Na Mbinga yenyewe zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Songea. Kwa hiyo msishangae kisa hiki kikianzia milimani Mbinga, kikaenda Litowa upande wa Songea, kisha kikarudi tena Mbinga. Enzi hizo ilikuwa wilaya moja.

Sisi wa visiwani tuna historia na watu wa huko, japo hatupendi kuitaja. Katika karne ya 19 misafara ilitoka nchi za Ziwa Nyasa ikiwa na watu waliofungwa, ikashuka Kilwa, na kutoka hapo majahazi yakawaleta Unguja. Wengi waliitwa Wanyasa, bila hata ya kuulizwa kabila lao, na mikono yao ndiyo iliyolima mashamba ya mikarafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Wapo miongoni mwetu wenye damu ya ziwa lile, wajue wasijue. Kwa watu hao uhuru haukuwa neno la kitabuni. Ilikuwa ni kujua kama mtu atakuuliza, au atakuchukua tu.

Sengu: mahali pa kula na pa kuulizana

Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika waliingia nchi ya Songea, na vita vyao vikawasukuma Wamatengo kujibana juu milimani, karibu na Litembo. Ardhi ilikuwa ya mteremko mkali na watu walikuwa wengi. Kulima ovyo ingekuwa kuipeleka udongo yote mtoni mvua ya kwanza tu.

Wakabuni kilimo cha ngolo. Majani yanafyekwa, yanalazwa chini kwa mistari inayokatana kama nyuzi za mkeka, kisha udongo unachimbwa katikati ya kila chumba na kurushwa juu ya majani. Shamba linabaki na vishimo vingi vyenye kuta. Mvua ikinyesha, maji yanatua shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na majani yanaoza kuwa mbolea. Wanaume hufyeka na kulaza majani. Kazi ya jembe, ya kuchimba na kufukia, kwa desturi ni ya wanawake. Milima ile imelimwa hivyo zaidi ya miaka 100 na bado inatoa maharage na mahindi.

Lakini ngolo haiwezekani kwa mtu mmoja asiyejali jirani. Ukiacha shamba lako la juu likaporomoka, la chini yako linafunikwa. Kwa hiyo ukoo ulikaa pamoja katika ntambo moja, yaani mgongo mmoja wa mlima wenye vijito huku na huku, na mambo yao yakaamuliwa katika sengu.

Sengu kwa juu ilikuwa ni chakula. Kila kaya ilipika, vyakula vikakusanywa kwa mzee wa ukoo, aliyeitwa Bambu, watu wakala pamoja. Baada ya kula ndipo yalipoletwa mengine: nani ana mgogoro wa mpaka, nani anamtesa mkewe, kijana gani amefikia umri wa kuoa, shamba lipi lianze kulimwa. Watoto wa kiume walisikiliza na kujifunza adabu bila ya kufungua daftari. Na aliyekosa chakula nyumbani kwake alikula bila kuomba, kwa sababu sahani zilikuwa za wote.

Hapo nataka mtazame vizuri, dada zangu, maana ndipo palipo na siri. Leo tunazungumza demokrasia, uhuru na maadili kama vitu vitatu vya makabati matatu. Demokrasia tunaiweka kwenye sanduku la kura, uhuru kwenye katiba, maadili tunayaachia msikiti na kanisa. Katika sengu vilikaa mkeka mmoja. Huwezi kumdhulumu mtu mchana, kisha jioni mkatia mkono sahani moja mbele ya wazee na macho yako yakatulia. Na mzee naye hakuweza kuamua peke yake gizani, kwa kuwa wote walikuwa wamekaa wanamtazama.

Tusiipake sengu rangi isiyo yake, lakini. Waliokaa na kusema walikuwa wanaume. Bibi zetu wa Kimatengo walishika jembe mchana, wakapika jioni, na maamuzi wakayasikia kwa waume zao. Ni kama barazani kwetu hapa: kahawa inapikwa ndani, siasa inazungumzwa nje. Sengu iliwapa watu kuulizana, lakini iliuliza nusu ya watu.

Vijana wa Litowa

Wakoloni wa Kijerumani hawakuuliza mtu. Baada ya Vita vya Majimaji, tarehe 27 Februari 1906, waliwanyonga makumi ya viongozi wa Wangoni pale Songea kwa siku moja. Waingereza walikuja na njia laini zaidi. Kahawa ikaenea Mbinga, tumbaku Songea, na mwaka 1936 kikaundwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kuuza mazao hayo. Kahawa ilileta fedha, mabati na skuli. Pia ilileta kaya inayojitegemea, yenye mibuni yake na akiba yake, isiyohitaji tena kupeleka sahani kwa Bambu kila jioni. Taratibu, sengu ikaanza kufifia.

Tanganyika ilipokaribia uhuru, vijana wa TANU wa Songea walikuwa na hamu ya kufanya jambo. Mwaka 1960 kikundi kidogo kilichoongozwa na Ntimbanjayo Millinga, katibu wa umoja wa vijana wa chama hicho, kilikwenda porini mahali panapoitwa Litowa kuanzisha kijiji cha kulima kwa pamoja. Jaribio la mwanzo halikusimama. Mwaka 1961 wakarudi tena, na safari hii wakakaa.

Mwaka 1963 likasajiliwa shirika la vijiji vya namna hiyo, lililojulikana kwa herufi RDA, yaani Shirika la Maendeleo la Ruvuma. Mwaka huohuo Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, akahamia Litowa na mkewe Noreen na watoto wao kuwa mshauri. Alikuwa ametoka Rhodesia ya Kusini, alikofanya kazi kwenye shamba la misheni ambapo weusi na weupe waliishi pamoja, jambo la hatari kwa nchi ile. Kazi yake haikuwa kuamuru. Mwenye kuamuru ulikuwa mkutano wa kijiji.

Mkutano ule ndio uliokuwa moyo wa Litowa. Watu walikaa, wakapanga kazi ya shamba, wakachagua kamati, wakakubaliana mapato yagawanywe vipi kulingana na siku alizofanya kazi kila mtu. Waliposhindwa kukubaliana, walikaa tena. Mtu aliyetaka kujiunga alijiunga kwa khiari, na aliyetaka kuondoka aliondoka. Kijiji kipya kilichotaka kuingia kwenye shirika kilipokelewa pole pole, baada ya wao wenyewe kuyaelewa mambo. Ndiyo maana hadi mwisho wa miaka ya 1960 vijiji vilikuwa 17 tu. Shirika likawa na mashine ya kusaga nafaka Songea mjini na kiwanda cha kupasua mbao, mali ya wanavijiji.

Na wanawake? Hapa ndipo Litowa ilipovuka pale sengu iliposimama. Wanawake walikuwa wanachama wenye hesabu ya kazi yao wenyewe, na walikaa mkutanoni. Paliwekwa matunzo ya watoto wadogo ili mama aweze kwenda shamba bila mtoto mgongoni kutwa nzima. Ibbott ameandika kwamba suala la kupiga wake lililetwa mbele ya wote kama jambo la kijiji, si siri ya chumbani, na tabia hiyo ikakoma. Hebu fikirini: miaka ile, porini, bila sheria mpya wala semina. Mwanamume alijua tu kwamba kesho atakaa kikao kimoja na yule aliyempiga, naye ana ulimi na ana haki ya kuutumia.

Skuli yao, chini ya mwalimu mkuu Suleman Toroka, ilifundisha watoto wa vijiji vyote vya shirika. Watoto walisoma, walilima, na walijizoeza kuendesha mambo yao kwa kukaa na kuzungumza. Mwalimu Nyerere alifika Litowa akapapenda. Machi 1967 alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na Septemba mwaka huo la Ujamaa Vijijini, aliyekuwa amepaona Litowa alijua baadhi ya mawazo yale yameota wapi. Katika andiko la pili alisisitiza kwamba ujamaa hauwezi kuletwa kwa nguvu. Mwaka 1968 akaandika tena kwamba watu hawaendelezwi kama mzigo unaobebwa, wanajiendeleza wenyewe.

Septemba 1969

Sasa sikilizeni. Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU, chama kilekile kilichohubiri ujamaa vijijini, ilikaa Dar es Salaam na kulivunja Shirika la Maendeleo la Ruvuma. Wajumbe 21 kati ya 24 walikuwa dhidi yake. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Nyerere. Polisi walitumwa kuchukua mali za shirika. Wageni waliokuwa wakisaidia walitakiwa kuondoka, na walimu wa skuli ya Litowa wakatawanywa. Wanavijiji, wenye mashine na mbao zao, hawakuulizwa.

Kwa nini? Hapakuwa na wizi. Vijiji havikuwa vya upinzani. Waliovianzisha walikuwa vijana wa chama chenyewe. Ila walikuwa na tabia moja iliyowakera viongozi wengi wa mkoa na wa taifa: walizoea kuulizwa. Ofisa akija na agizo, walikaa kwanza kulijadili. Shirika lilikuwa linasimama kwa miguu yake, na chama kilitaka ujamaa uendeshwe na chama. Kikao cha watu waliokwishazoea kuamua ni kitu kigumu kukitawala, hata kama kinaamua yaleyale unayoyataka wewe.

Na mchezo wa kura mnauona? Kamati Kuu ilikuwa na wajumbe, ikazungumza, wengi wakashinda. Kwa hesabu ya mikono ilikuwa demokrasia kamili. Lakini walioamua hawakuwa wenye jambo, na wenye jambo hawakuwepo.

Kilichofuata tunakijua. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU uliwakemea viongozi wenye majivuno na dharau kwa watu, maneno mazuri sana. Miaka miwili baadaye, Novemba 1973, ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Hesabu ya serikali ilifikia watu milioni 13 hivi. Mahali pengi watu walipakiwa kwenye malori, nyumba zao zikabomolewa nyuma yao wasirudi. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, na wakulima wa kahawa Mbinga wakajikuta, kama watu wa Litowa, wanaambiwa kilichoamuliwa.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Nyerere hakuwa mtu wa kujilimbikizia. Aliamini kwamba watu wakikaa pamoja watapata skuli, zahanati na maji ya bomba haraka, na wengi walipata. Wapo mabibi leo wanaojua kusoma kwa sababu ya kampeni za miaka ile. Huruma yake kwa masikini ilikuwa ya kweli. Kila ninaposoma habari hizi namwona mwenyekiti wetu alfajiri ile, amebeba pesa kwenye pochi, anakimbilia msibani. Alikuwa na moyo safi na haraka ya kufanya kheri, na mlango wa yule bibi hakuupigia hodi.

Kinachoharibika kisichoonekana

Ukimchukulia mtu hiari yake kwa ajili ya jambo jema, jema lenyewe linabadilika mikononi mwako. Sisi wenye dini tunalielewa hili kuliko wengine, kwa sababu tumefundishwa namna nia inavyotangulia amali. Sadaka ya kunyang'anywa si sadaka kwa aliyenyang'anywa, hata kama masikini amekula akashiba. Undugu wa Litowa ulikuwa undugu kwa sababu kila mmoja wao angeweza kuondoka na hakuondoka. Kijiji cha amri kilikuwa na nyumba zilizopangika mistari mizuri, lakini shamba la pamoja watu walilikwepa, na amri ilipolegea kila mtu alirudi kwake. Nalo si kosa la tabia zao. Waliwekwa mahali ambapo hapana la kuchagua, na tabia njema bila kuchagua haipati pa kukua.

Kijiji kimoja cha lile shirika, Matetereka, kiliendelea na kazi zake za pamoja hadi miaka ya 1990, ujamaa umekwishasahauliwa hata na waliouhubiri. Hakikuendelea kwa sababu ya Kamati Kuu. Waliokuwa pale waliuchagua wao, basi hapakuwa na wa kuwaondolea.

Lakini upande wa pili nao una hatari yake. Miaka ya 1990 soko liliachiwa huru. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia Mbinga, na ushirika uliokuwa umerudishwa ukaanguka kwa madeni, mkulima akabaki bila wa kumkopesha mbolea. Hapo palikuwa na uhuru, tena mwingi. Kila mtu alikuwa huru kuuza kwa amtakaye, huru kufyeka msitu wa bondeni, huru kudanganywa mizani. Uhuru usio na kikao humwacha mtu peke yake mbele ya mwenye nguvu kuliko yeye. Yule wa kwanza alikunyima kusema, huyu wa pili anakuacha useme na hakuna anayesikiliza.

Sengu inarudi

Kati ya mwaka 1999 na 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, kwa kushirikiana na Wajapani, walifanya kazi ya maendeleo vijijini katika milima ya Wamatengo. Walikuwa wamekaa huko miaka kadhaa kabla wakijifunza ngolo na maisha ya watu. Wazee waliwahadithia sengu. Ulipofika wakati wa kuamua mradi gani uanze, hawakuja na orodha kutoka mjini. Vijiji vikaunda kamati zao, na jina zikazipa lilelile la zamani: sengu.

Kijiji cha Kindimba kikachagua mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto. Kila mwanamke anayesoma hapa anajua maana ya mashine ya unga kuwa karibu. Ni mgongo kupumzika na ni saa za mchana kurudi mikononi mwako. Kutoka kwenye kazi hiyo vikazuka vikundi vingine, vya kupanda miti, kufuga samaki, kufuga nyuki, na watu wakaanza kutunza mabonde waliyokuwa wakiyafyeka, kwa kuwa mto ukikauka mashine inasimama.

Sengu hii haikuwa ya ukoo mmoja chini ya Bambu mmoja. Ilikuwa ya kijiji. Wazo la babu lilirudi, likiwa limepanuliwa mkeka. Mimi hapo ndipo nilipoiona Litowa inafufuka, bila hata ya kutajwa jina.

Aliyeulizwa na Mtume

Na kwetu sisi Waislamu, kuulizana si jambo la kigeni. Qur'ani ina sura nzima yenye jina la Shura. Na mnakumbuka Hudaybiyya, mwaka wa 6 wa Hijra: masahaba wameumia roho kwa mkataba na Maquraish, Mtume (s.a.w.) anawaamuru wachinje na kunyoa nywele, hakuna anayenyanyuka. Aliingia hemani kwa Ummu Salama (r.a.) akamweleza. Mama huyo akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na anyoe yeye mwenyewe kwanza. Akafanya hivyo, na watu wote wakafuata. Aliyekuwa akipokea wahyi alisikiliza shauri la mwanamke siku ambayo amri haikutosha. Sisi ni nani hata tuone kuuliza ni kupoteza muda?

Basi nilikwenda kwa yule bibi mwenye ufunguo. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwambia, bibi, nimekuja kuomba radhi, nimeelewa sasa ulichokuwa ukisema. Akacheka, akanambia: "Hata mimi pesa zile ningezitoa. Tena ningeongeza za kwangu." Kisha akasema kufuli tatu hazikutiwa kwa sababu sisi ni wezi. Zilitiwa ili asiwepo hata mmoja wetu wa kusema "mimi hainihusu."

Tumeanza tena, wanawake 14 kwa sasa, na mwenyekiti wetu wa zamani yumo. Tumeongeza kanuni moja: likitokea la usiku, mwenye kisanduku anawapigia simu washika funguo wote, na hakuna ufunguo unaotolewa na mtoto. Inachukua nusu saa, na maiti wa Kiislamu hata akizikwa mapema vipi, nusu saa ipo.

Na nyinyi huko kwenye vikundi vyenu, kwenye kamati za skuli na za misikiti, majumbani kwenu na watoto waliokwishakua: ni mema gani mnawafanyia watu bila ya kuwauliza? Mimi nimeanza kuhesabu yangu, na si machache.

Mwenyezi Mungu atujaalie vikao vyenye haki na nyoyo zenye subira ya kusikiliza. Tukutane tena, in shaa Allah.

Wasalaam.